Hesabu ya Watatu: Jinsi Mahakama ya Rufaa ya Kenya Inavyopangwa na Kujazwa

Katika ngazi za mahakama nchini Kenya, Mahakama ya Rufaa imekaa katikati. Chini yake ipo Mahakama Kuu pamoja na mahakama mbili zenye hadhi sawa na hiyo, ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na ya Mazingira na Ardhi. Juu yake ipo Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Msomaji wa harakaharaka atadhani ni kituo cha njiani, mahali pa kupumzisha kesi kabla haijafika inakokwenda. Katiba inasema vingine. Kifungu cha 163(4) kinaacha milango miwili tu ya kutoka hapo kwenda Mahakama ya Juu: ama kesi ihusu tafsiri au matumizi ya Katiba, ama ithibitishwe kwamba ndani yake kuna jambo lenye uzito kwa umma kwa jumla. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliweka masharti ya mlango huo wa pili, na ikaeleza wazi kwamba hasara ya mhusika mmoja, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi kuufungua. Kwa hiyo ugomvi wa mpaka wa shamba Kisii, madai ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi Mombasa na deni la mkandarasi wa Nakuru, yote huishia mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa. Hoja yangu inaanzia hapo. Mahakama hii ni ya kati kwa cheo na ya mwisho kwa kazi, lakini kwa miaka mingi imepangwa na kujazwa kwa kutazama cheo na kusahau kazi.

Sehemu ya sababu iko katika historia yake. Mwaka 1902 Waingereza walianzisha mahakama moja ya rufaa kwa makoloni na himaya zao za Afrika Mashariki, na asiyeridhika na uamuzi wake alilazimika kupeleka malalamiko yake London, kwenye Baraza la Faragha la Mfalme. Baada ya uhuru, mahakama hiyo iliendelea kuwahudumia Wakenya, Watanzania na Waganda chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki kutafuta mahakama yake. Kenya iliunda Mahakama yake ya Rufaa Oktoba mwaka huohuo, Tanzania ikafuata mwaka 1979. Kwa miaka zaidi ya 30 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ndiyo iliyokuwa kilele: majaji wachache, makao Nairobi, safari za vipindi kwenda miji mingine, na jopo la watatu kwa kila kesi. Katiba ya mwaka 2010 iliweka Mahakama ya Juu juu yake, na kwa mpigo mmoja ikaishusha daraja. Kazi haikupungua. Iliongezeka, kwa kuwa Katiba hiyohiyo ilipanua haki za wananchi, ikazaa kaunti 47 zenye migogoro yake, na ikaanzisha mahakama mbili mpya ambazo rufaa zake zote zinamiminika mahali pamoja.

Muundo wake wa sasa umo katika Kifungu cha 164 na katika sheria ya mwaka 2015 inayohusu mpangilio na usimamizi wake. Katiba inataka majaji wasiopungua 12. Mkuu wao anaitwa Rais wa Mahakama ya Rufaa, na majaji wenyewe ndio wanaomchagua miongoni mwao. Jambo hili la mwisho halipewi uzito linaostahili. Nchini Uganda, ambako Mahakama ya Rufaa nayo iko chini ya Mahakama ya Juu na hukaa pia kama Mahakama ya Katiba, mkuu wake ni Naibu Jaji Mkuu, mtu anayeteuliwa na Rais wa nchi. Kenya ilichagua njia nyingine. Anayepanga nani akae jopo gani anapata mamlaka hayo kutoka kwa wenzake, na hilo ni kinga halisi dhidi ya majopo kupangwa kwa matakwa ya watu wa nje. Kwa upande wa mpangilio wa ndani, basi, Kenya ilijenga vizuri. Penye kasoro ni pale panapoanza hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na idadi ya jopo lazima iwe witiri ili kura zisigongane. Majaji 12 wanatoa majopo manne. Majaji 20 wanatoa sita, na wawili wanabaki. Majaji 30, idadi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kikomo cha sheria, wanatoa majopo kumi siku ambayo hakuna mgonjwa, hakuna aliye likizoni, na hakuna aliyejitoa kwa sababu aliwahi kuigusa kesi hiyo alipokuwa Mahakama Kuu. Siku ya namna hiyo ni adimu. Jaji mmoja akiugua, jopo zima linasimama, na wawili waliobaki hawawezi kusikiliza rufaa mpaka apatikane wa tatu. Mahakama Kuu haina tatizo hilo kwa kiwango hiki, kwa kuwa kesi zake nyingi huamuliwa na jaji mmoja: ukiongeza jaji mmoja, umeongeza mahakama nzima. Kwenye Mahakama ya Rufaa ukiongeza jaji mmoja umeongeza theluthi ya jopo. Wanaopanga bajeti wakilinganisha idadi ya majaji wa ngazi hizi mbili kana kwamba kichwa kimoja ni kichwa kimoja popote, wanakosea tangu mstari wa kwanza.

Kazi ya majopo hayo nayo si ya aina moja. Katika makosa ya jinai yaliyoanzia kwa hakimu, rufaa ya kwanza husikilizwa Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufaa hubaki na masuala ya kisheria tu. Lakini kesi ya mauaji huanzia Mahakama Kuu, hivyo rufaa yake ya kwanza ni hapa, na katika rufaa ya kwanza majaji wanatakiwa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe, wakikumbuka tu kwamba wao hawakuwaona mashahidi wakizungumza. Msimamo huo umesimama tangu enzi za mahakama ya Afrika Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ni msimamo wa haki. Gharama yake ni muda. Kesi nyingi za ardhi zinaanzia kwenye mahakama zenye hadhi ya Mahakama Kuu, kwa hiyo nazo hufika zikiwa rufaa za kwanza, na kurasa za ushahidi ni mamia kwa mamia.

Tuifuate faili moja ya madai. Hukumu ikisomwa leo, aliyeshindwa ana siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Baada ya notisi ana siku 60 za kuwasilisha kumbukumbu ya rufaa, yaani kitabu chenye nyaraka, vielelezo na mwenendo wote wa kesi uliochapwa. Mwenendo huo hauko mikononi mwake. Anauomba kwa msajili wa mahakama iliyotoa hukumu, naye msajili anategemea wachapaji. Kwa kuwa kila mtu anajua siku 60 hazitoshi kwa uchapaji, kanuni zinampa msajili uwezo wa kutoa cheti kinachoonyesha siku zilizotumika kuandaa mwenendo, na siku hizo hazihesabiwi. Cheti hicho ni huruma kwa mrufani, lakini pia kinatangaza kwamba ucheleweshaji ni jambo la kawaida kiasi cha kutengewa hati yake. Faili inakuwa imezeeka kabla haijafika kwa jaji yeyote wa rufaa, na umri huo hauingii kwenye hesabu za mlundikano wa kesi.

Wakati faili inasubiri, linakuja ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Hapa ndipo siku nyingi za majopo zinapoliwa. Kanuni ya 5(2)(b) inaipa mahakama uwezo wa kuzuia hukumu isitekelezwe mpaka rufaa isikilizwe, ikiwa rufaa ina hoja ya kujadiliwa na ikiwa kuitekeleza hukumu kutaifanya rufaa iwe bure hata ikishinda. Jaji mmoja anaweza kuongeza muda wa kuwasilisha nyaraka; ombi hili lazima lisikilizwe na watatu. Busara yake inaonekana ukitazama mambo ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mahakama Kuu iliifuta tozo ya nyumba tarehe 28 Novemba 2023 lakini ikaacha makato yaendelee kwa muda. Tarehe 26 Januari 2024 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walikataa kuongeza muda huo, na serikali ikalazimika kusitisha makato ya mishahara ya mamilioni ya watu mpaka Bunge lilipotunga sheria mpya. Uamuzi wenyewe wa rufaa ulikuja Julai 31, na Mahakama ya Juu ikaupindua Oktoba 29 mwaka huohuo. Ombi la muda tu lilibadilisha malipo ya nchi nzima. Haingefaa liamuliwe na mtu mmoja chumbani mwake. Lakini jopo lilelile la watatu linadaiwa pia pale ambapo mwenye nyumba na mpangaji wanavutana kuhusu amana ya kodi. Maombi ya aina hiyo ya pili yangeweza kuamuliwa na jaji mmoja, na asiyeridhika apewe nafasi ya kuwaendea watatu, kama inavyofanyika tayari kwa maombi ya kuongezewa muda.

Majaji hao wanapatikana vipi? Kwa mujibu wa Kifungu cha 166, Tume ya Huduma za Mahakama inatangaza nafasi, inawahoji wanaoomba hadharani, inapendekeza majina, na Rais wa nchi anateua kwa mapendekezo hayo. Anayetaka kiti cha Mahakama ya Rufaa anahitaji uzoefu wa miaka 10, awe alikuwa jaji wa mahakama za juu, wakili, mwanazuoni wa sheria au mtu wa fani nyingine ya sheria. Bunge halina kura hapa. Kura yake ipo kwa Jaji Mkuu na naibu wake. Tume ina wajumbe 11, akiwemo jaji mmoja aliyechaguliwa na majaji wa Mahakama ya Rufaa, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili wenzao, na wawakilishi wa wananchi. Jaji anastaafu akifika miaka 70, ingawa anaweza kuondoka baada ya 65. Huo ni utaratibu mzuri kuliko ule wa kabla ya 2010, ambapo uteuzi ulifanyika pasipo mwananchi kujua nani aliomba na nani aliulizwa nini. Uzito wa mabadiliko hayo ulionekana Aprili 2012, bodi ya kuwachunguza majaji ilipowakuta wanne kati ya majaji tisa wa Mahakama ya Rufaa hawafai kuendelea. Karibu nusu ya mahakama ya kilele cha zamani iliambiwa iende nyumbani. Uchungu wa hatua hiyo ulikuwa mkubwa, na ulihitajika.

Utaratibu mzuri bado unaweza kukwamishwa. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41 kwa mahakama tatu, 11 kati yao wakiwa wa Mahakama ya Rufaa. Rais Uhuru Kenyatta hakuyateua, akidai baadhi ya waliopendekezwa walikuwa na dosari za uadilifu. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Katiba haimpi Rais nafasi ya kuchambua majina hayo. Hata hivyo, mpaka Juni 2021 ndipo alipowateua 34. Mmoja wa waliopendekezwa alikuwa ameshafariki akisubiri. Sita waliachwa, wanne wao wakiwa wa Mahakama ya Rufaa, na waliapishwa Septemba 2022 baada ya William Ruto kuingia madarakani. Rejea kwenye hesabu ya watatu: viti 11 ni majopo matatu na ushee. Kwa karibu miaka miwili mahakama ilikosa majopo hayo yote, na kwa mwaka mwingine zaidi ikakosa zaidi ya jopo moja, huku kesi zikizidi kuingia mlangoni kila wiki.

Wapo wanaotetea msimamo wa Rais Kenyatta, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kiongozi wa nchi anapokea taarifa za kiusalama ambazo Tume haina, na kwamba kumfanya mpiga muhuri tu ni hatari, kwa sababu jaji akishaapa kumwondoa ni kazi ngumu. Lakini Katiba ilishawaza hilo. Mwanasheria Mkuu, mshauri wa sheria wa serikali, ni mjumbe wa Tume; mwenye taarifa ya kweli ana kiti cha kuitolea, na aliyetuhumiwa ana nafasi ya kujibu wakati wa mahojiano. Taarifa ikija baada ya kiapo, Kifungu cha 168 kina njia ya malalamiko na jopo la uchunguzi. Kilichofanyika kati ya 2019 na 2022 hakikupitia mlango wowote kati ya hiyo. Tuhuma zilibaki hewani, watuhumiwa hawakupewa cha kujibu, na wanne hao waliosubiri miaka mitatu wamekaa kwenye mahakama hiyo tangu wakati huo. Aliyelipa ni mrufani asiyejulikana jina, ambaye kesi yake ilikosa jopo.

Kuna upungufu mwingine wa kimya zaidi, nao unatokana na mahali ilipo mahakama hii. Ikiwa katikati, inavutwa kutoka juu. David Maraga alitoka hapo mwaka 2016 kwenda kuwa Jaji Mkuu, na Philomena Mwilu mwaka huohuo kwenda kuwa naibu. Paul Kihara Kariuki, Rais wa mahakama hiyo, aliondoka mwaka 2018 kuwa Mwanasheria Mkuu. Mrithi wake, William Ouko, alipanda Mahakama ya Juu mwaka 2021, mwaka ambao Martha Koome naye alitoka hapohapo kuwa Jaji Mkuu. Sina neno na uteuzi wa yeyote kati yao. Ni kawaida kilele kuokota watu wake kutoka daraja la chini yake. Lakini kila anayepanda anaacha jopo lenye watu wawili, na anayeletwa kuziba pengo mara nyingi hutoka Mahakama Kuu, ambako naye anaacha kesi zilizosikilizwa nusu. Uteuzi wa mtu mmoja juu unatikisa ngazi tatu. Kinachokosekana ni mpango unaotambua kwamba jambo hili litatokea, kwa kuwa limetokea tena na tena.

Kuhusu mahali mahakama inapokaa, hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 2013, majaji walipowekwa kwa kudumu Nyeri, Kisumu na Malindi badala ya kusafiri kutoka Nairobi. Kwa mfungwa wa Shimo la Tewa au mkulima wa Siaya, kuwepo kwa majaji karibu kulimaanisha nauli ndogo, wakili wa hapohapo, na tarehe isiyotegemea ratiba ya Nairobi. Lakini kituo chenye majaji watatu pekee ni kituo kinachosimama kwa mguu mmoja. Akiondoka mmoja, milango iko wazi na hakuna rufaa inayosikilizwa. Kituo cha kudumu kinahitaji majaji wanne kwa uchache, ndipo mmoja aweze kuugua, kwenda likizo au kujitoa kwenye kesi bila kuua kazi ya wote.

Sheria sasa imepandisha kikomo cha majaji kutoka 30 hadi 70. Kwa hesabu ya watatu, huo ni uwezekano wa majopo 23. Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapojitokeza, nalo linatoka kwa watu wanaoipenda mahakama hii: majopo mengi yataleta sheria nyingi. Ushahidi wao upo. Julai 2010 majaji watatu wakiwa Mombasa waliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa muuaji inakiuka Katiba, na kwamba hakimu au jaji awe na hiari ya kutoa adhabu nyingine. Oktoba 2013 jopo la majaji watano la mahakama hiyohiyo likauacha uamuzi huo na kurudisha ulazima. Ilibidi Mahakama ya Juu ije Desemba 2017 kusema, kuhusu mauaji, kwamba ulazima huo haukubaliki. Kati ya tarehe hizo, adhabu ya mtu ilitegemea mwaka aliofikishwa kizimbani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na unatisha zaidi, kwa kuwa tofauti haikuwa ya miaka bali ya miji. Julai 2023 jopo la Malindi lilisema kifungo cha maisha kisicho na ukomo kinakiuka utu wa mfungwa, na likaweka miaka 40 badala yake. Desemba mwaka huohuo jopo la Kisumu lilikubali kwamba kifungo cha maisha lazima kiwe na ukomo, lakini likasema maana yake ni miaka 30. Wafungwa wawili wenye kosa linalofanana na adhabu inayofanana, mmoja Pwani na mwingine Nyanza, walitenganishwa na miaka 10 ya maisha yao kwa sababu ya jiografia. Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi wa Malindi na kurudisha kifungo cha maisha, ikieleza kwamba suala hilo halikuwa limeibuliwa Mahakama Kuu na hivyo halikufika kwa njia halali. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mahakimu nchini walikuwa na namba tatu za kuchagua: maisha, 40 na 30.

Je, basi tubaki na majaji wachache ili sheria iwe moja? Hapana. Tazama kwamba mgongano wa 2010 na 2013 ulitokea mahakama ikiwa ndogo. Uchache haukuleta umoja. Ulileta ucheleweshaji pamoja na mgongano. Kinachotibu mgongano ni utaratibu wa kuutibu. Jimbo la California nchini Marekani lina mahakama za rufaa za kati tangu mwaka 1904, na leo zina wilaya sita na viti 106 vya majaji, nao pia hukaa watatu watatu. Huko wilaya moja haifungwi na uamuzi wa wilaya nyingine, na tangu mwaka 1962 msimamo ni kwamba uamuzi wa wilaya yoyote unazifunga mahakama zote za chini jimboni, mpaka zigongane, ambapo jaji wa chini huchagua. Wameukubali mgongano kama njia ya kuwaonyesha wakubwa wao suala linalohitaji kuamuliwa. Kenya haina sababu ya kuiga hilo, kwa kuwa mahakama yake ni moja na si sita, na mahakama moja inapaswa kuwa na kauli moja. Jopo la watano tayari linawezekana kisheria. Kinachotakiwa ni kanuni inayomlazimisha Rais wa Mahakama ya Rufaa kuliita jopo hilo, au la saba, mara tu jopo moja linapotaka kuachana na lingine, kabla hukumu ya pili haijasomwa. Mwaka 2021, katika kesi ya Mpango wa Maridhiano wa BBI, mahakama hii ilikaa majaji saba na ikatoa hukumu ndani ya miezi mitatu na ushee. Kama iliweza kwa suala la kurekebisha Katiba, inaweza kwa suala la miaka ambayo mtu atalala gerezani.

Kutoka California kuna jambo lingine ambalo ningelichukua bila kusita. Katiba ya jimbo hilo inazuia jaji asipokee mshahara ikiwa ana shauri lililokaa zaidi ya siku 90 bila uamuzi tangu lilipokabidhiwa kwake. Kenya hujua kuweka saa inapotaka. Rufaa za uchaguzi wa wabunge na magavana huja kwa masuala ya sheria tu, huwasilishwa ndani ya siku 30, na lazima ziamuliwe ndani ya miezi sita. Zinaamuliwa. Mwanasiasa amepewa saa ukutani. Mjane anayedai shamba la mumewe amepewa kalenda isiyo na mwisho. Sioni sababu ya haki inayoweza kutetea tofauti hiyo.

Wengine watasema dawa ni kupunguza rufaa zenyewe: kila anayetaka kukata rufaa aombe ruhusa kwanza. Nakubaliana nao nusu. Chini ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, rufaa ya kesi isiyozidi shilingi milioni moja inaishia Mahakama Kuu na kwa suala la kisheria tu, na hakuna aliyeonyesha kwamba haki imekufa kwa sababu hiyo. Mpaka kama huo unaweza kusogezwa kwa migogoro mingine midogo ambayo imeshasikilizwa mara mbili. Lakini kuweka ruhusa kwa rufaa za kwanza kungekuwa kosa. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu anayemhukumu mtu kwa mauaji, au wa Mazingira na Ardhi anayemwondoa mtu kwenye ardhi ya babu yake, ni binadamu mmoja aliyesikiliza mara moja. Haki ya kupitiwa uamuzi huo na macho mengine matatu ndiyo sababu ya mahakama hii kuwepo, na kuikata ili kupunguza foleni ni kuwahudumia wanaohesabu faili kwa gharama ya wenye faili.

Hoja ya pesa nayo ina uzito. Jaji wa rufaa analipwa vizuri, anahitaji gari, ulinzi na ofisi, na hazina imebanwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwendo wa rufaa haiamuliwi na jaji. Inaamuliwa na mchapaji wa mwenendo, msajili anayekagua faili kama imekamilika, na mtafiti wa sheria anayesoma kurasa 800 na kumwandalia jaji mukhtasari wa hoja zinazobishaniwa. Watu hao wanalipwa sehemu ndogo ya mshahara wa jaji. Jopo lisilo na watafiti linawafanya watu watatu wenye uzoefu wa miaka mingi wasome kumbukumbu ileile kuanzia ukurasa wa kwanza, kila mmoja kivyake. Kuongeza majaji bila kuongeza watu hawa ni kulipa bei ya juu kabisa kwa kazi ambayo mwanasheria kijana angeianza vizuri.

Kufikia majaji 70 hakuwezi kutokea kwa tangazo moja la nafasi, na hakuna haja itokee hivyo. Lakini kuna jambo ambalo Tume ya Huduma za Mahakama inaweza kulifanya mwaka huu bila sheria mpya na bila shilingi ya ziada. Siku jaji anapoapa, tarehe atakayotimiza miaka 70 inajulikana. Tume inayo orodha ya majaji wote na tarehe zao za kuzaliwa. Inajua ni viti gani vitakuwa wazi mwaka ujao na mwaka unaofuata. Nafasi hizo zitangazwe mwaka mmoja kabla, mahojiano yakamilike miezi sita kabla, na majina yafike Ikulu mapema kiasi kwamba hata Rais akichelewa, jaji anayestaafu bado yuko kwenye jopo lake.